Chupa ya Dawa ya Vidole

Sikumaliza shule ya msingi, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu wengi niliowaacha darasani wamekuja baadaye kuniomba kazi. Leo nina lori, na nina duka la misumari na mabati mjini Butembo. Vyote vilitoka kwenye chukudu moja, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, niliyoichonga kwa mikono hii. Wakati wa vita, magari yalipochomwa au kunyang'anywa, ni sisi watu wa chukudu tuliolisha mji. Nilishusha viazi kutoka milima ya Lubero. Wenzangu walibeba magunia matatu, mimi manne.

Kule juu asubuhi baridi inakata, na kwenye mteremko mbao inatetemeka mikononi mpaka meno yanagongana. Mwaka wa pili vidole vyangu vikaanza kufa. Kwanza cha shahada, halafu cha kati, vyeupe kama mshumaa, na unaona wazi mahali damu ilipokomea. Ungenichoma sindano nisingejua. Damu ikirudi sasa, hapo ndipo unamlilia mama yako. Wenzangu walisema nimerogwa. Nani angethubutu?

Cha shahada kilipotoa kidonda kwenye ncha, nilienda kwa daktari mmoja aliyeletwa na serikali kutoka mkoa mwingine.

"Papa, mishipa yako ya damu inajibana ikipata baridi," akaniambia. "Achana na chukudu. Ukiendelea, ncha itakuwa nyeusi na tutakata."

"Na dawa?"

"Dawa iko kwenye karatasi tu. Kwenye depo ya hospitali waliiba yote."

Nikamwuliza kama yeye angeacha kazi yake. Mimi nilikuwa na mke, batoto watatu na ile mbao. Niache nini?

Nikashuka kwa miguu mpaka Mangina, kwa mama mdogo wangu. Yeye aliolewa kule kwenye joto, lakini alizaliwa juu milimani, na baba yake aliugua vidole hivyo hivyo. Alinishika mkono, akaugeuza.

"Weye, ulingoja mpaka kioze ndiyo ukumbuke njia ya kwangu?"

Alichemsha mawese na pilipili ndogo, tangawizi, na ganda la mti ambalo sitalitaja hapa. Akatia kwenye chupa ya bia, akaziba na jani la ndizi. Halafu akanipa masharti, kwa sababu kwetu dawa isiyo na masharti ni mchuzi tu. "Hapana kutia mukono mu maji ya baridi. Hapana kuvuta tumbaku. Unapaka mbele jua halijatoka, unafunga mikono na kitambaa, na hapana kusalimia mutu kwa mukono mpaka ipate moto."

Nilishika masharti yote. Kidonda kikakauka. Vidole viliendelea kuwa vyeupe siku za baridi kali, lakini damu ilirudi upesi. Anayesema ni bahati aje tulinganishe vidole.

Asubuhi moja nikashuka na mzigo, nikakuta kizuizi kipya barabarani. Askari walikuwa wageni wa mbali, wakiwatafuta wale wapiganaji wa msituni wanaojinyunyizia maji ya dawa ili risasi zisiwaingie. Walitufungua mashati kutazama kama bega lina alama ya mkanda wa bunduki. Langu halikuwa nayo. Lakini mmoja aliona mikono yangu imefungwa vitambaa, akapekua magunia, akatoa chupa.

"Iko nini humu?"

"Dawa, chef." Kwetu kila mwenye bunduki tunamwita chef, yaani mkubwa.

"Dawa ya nini?"

Mtu mwenye akili angesema ni mafuta ya kupikia. Lakini nilikuwa najivunia dawa ile, nikapaza sauti foleni nzima isikie: "Dawa ya nguvu! Na iko na masharti yake: hapana kugusa maji ya baridi, hapana kuvuta, hapana kusalimia mutu kwa mukono!"

Waliokuwa karibu nami kwenye foleni wakasogea mbali. Kila mtu wa kwetu alijua kwamba wapiganaji wa msituni wanapewa masharti ya namna hiyo hiyo. Nilikuwa nimejishtaki kwa mdomo wangu.

"Anajitaja yeye mwenyewe!" askari akasema, akakoki bunduki.

Komanda akaja, amevaa sweta juu ya sweta. Nikamweleza habari ya vidole.

"Vinakufa na vinafufuka? Sawa na Yesu?" Askari wakacheka. Yeye hakucheka. "Leteni maji ya mtoni. Tutaona."

"Na kama vikikufa visifufuke, chef?"

"Donc, basi, ile dawa yako ni ya risasi."

Nikatia mikono ndooni, nikamtazama usoni. Sikutazama chini, asije akasema nimeogopa. Nilipoitoa, vidole vinane vilikuwa vyeupe, na askari mmoja akarudi nyuma akifanya ishara ya msalaba. Nikapaka mafuta. Hakuna kitu. Nikapaka tena. Bado vyeupe. Woga nao unabana damu, lakini wakati ule sikujua. Askari akanishika shati anivute kando.

Mama mmoja muuza uji, aliyekuwa kwenye foleni na sufuria yake, akapiga kelele: "Papa, tia mu kwapa! Unatunisha kifua ya nini na vidole viko inje?"

Nikatia kwapani. Maumivu yakaja kama moto, vidole vikawa bluu, halafu vyekundu, na mimi nikatoa maneno ya Kinande, lugha yetu, ambayo nashukuru komanda hakuyaelewa. Akakishika cha shahada, akakiminya, akaona damu inarudi.

"Kweli. Enda. Lakini chupa inabakia, huku baridi inatuua."

"Hapana, chef."

"Unasema?"

"Kamata gunia ya viazi. Kamata mbili. Chupa hapana. Bila ile sina vidole, bila vidole sina chukudu."

Akawageukia askari wake: "Tazama mutu huyu! Anatoa viazi, anakatala na pilipili!" Wakachukua magunia mawili, wakanisukuma niende.

Mbele kidogo yule mama wa uji akanifikia, akanionyesha mkono wake. Ncha mbili zilikuwa nyeupe. "Nilifikiri ni mimi peke yangu," akasema. Nikamtilia mafuta kwenye kikombe chake, mpaka nusu, nikamwambia masharti yote moja moja, polepole, mpaka akalazimika kuinamisha sikio.

"Kumbe, papa," akasema, "unajua pia kusema chini?"