Korongo wa Kwenye Mabehewa

Mchora vibao wa mtaa wa Kawale haandiki jina lake pembeni mwa kazi kama wenzake, maana mkimbizi wa kambi ya Dzaleka haruhusiwi kufanya kazi mjini. Kabla ya kupanda basi kurudi kambini, mkewe Pascaline humwona akisugua kucha kwa mafuta ya taa, kidole kwa kidole, askari wa barabarani wasije wakaona rangi. Reli ilipopata wenyewe wapya, walilifuta jina lake la zamani, refu, lenye nchi na miji ndani yake; wakataka neno fupi, na alama inayotambulika hata behewa likikimbia. Wachoraji wakaalikwa kupeleka michoro. Mchoro wake, korongo aliyenyoosha shingo, aliupenyeza chini ya mlango wa ofisi bila jina. Korongo huyo ndiye aliyechaguliwa.

Siku ya uzinduzi, mkubwa wa reli akauliza kwa kipaza sauti mchoraji yuko wapi, aje apigwe picha. Askari wawili wakageuka kutazama watu. Katikati ya watu hao, Pascaline akamshika mumewe mkono. "We usiende."

"Mi sijue kuchora, mama," akamjibu, kana kwamba mkewe ndiye askari. Mabehewa yakaondoka, korongo nyuma ya korongo, naye akabaki anasugua kucha ambazo siku hiyo hazikuwa zimegusa rangi.