Jua Linaona Haya

Watoto wa chekechea walimwita mwalimu wao Bibi Mawingu, maana kila asubuhi aliwapanga dirishani na kuwauliza, "Haya wanangu, leo nje kukoje?"

Jibu la "kuzuri" hakulipokea. Ni manyunyu au rasharasha? Ukungu umetanda au umeanza kuyeyuka? Watoto walioanza mwaka wakinyoosha vidole tu, baada ya miezi michache walibishana kama mawakili.

Nyumbani hakuwa na wa kubishana naye. Mumewe alikuwa marehemu, na binti yake wa pekee alikuwa muuguzi nchi ya mbali. Ijumaa hadi Jumatatu, ukiacha simu fupi ya binti yake Jumapili, alikaa kimya, hata Jumatatu ilimbidi akohoekohoe ndipo sauti itoke.

Mwaka mmoja alipokea binti wa fundi cherehani, mtoto asiyetamka neno.

"Nyumbani anasema?" alimuuliza fundi.

"Anasema na mdoli wake, mwalimu. Sisi anatutazama tu."

Hakumlazimisha. Alimuuliza kama wengine, akasubiri kidogo, akapita. Ikawa hivyo miezi minne.

Jumatano moja mvua ilikuwa imekatika, jua likichungulia na kurudi nyuma ya wingu. Mtoto akamvuta sketi.

"Jua linaona haya."

Darasa zima likaangua kicheko. "Jua halina haya!" akapinga mmoja.

"Linayo. Si limejificha?"

Mwalimu akageukia ubao kuandika maneno yale, akachelewa makusudi kugeuka, machozi yakimlengalenga.

Mchana, wenzake walipokwisha kuondoka, alimpigia binti yake.

"Mama! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Kuna mtoto leo amesema."

"Mtoto gani?" Nyuma yake mtu akamwita. "Mama, niko zamu. Tuongee Jumapili, sawa?"

"Sawa, mwanangu. Kazi njema."

Akabaki ameshika simu, habari yote ingali kinywani. Jumapili waliongea juu ya dawa zake za presha. Ile nyingine akaona imeshapoa, akaiacha.

Mwaka uliofuata yule mtoto alivuka uwanja kwenda darasa la kwanza. Wakati wa mapumziko mwalimu alimwona katikati ya wenzake, anapiga domo, mikono haitulii. Akampungia. Mtoto hakumwona, alikuwa na mengi ya kusema. Mwalimu akasimama pale mlangoni mpaka kengele ikalia, kisha akaingia ndani kupanga viti.