Ukuta Uliokatiza Saluni ya Mama

Wiki iliyopita shughuli zilinipeleka Greyville, mtaa wa hapa Durban, nikajikuta nimeganda mbele ya duka la matairi. Muuzaji akatoka kuniuliza natafuta saizi gani. Nikamwambia sina hata baiskeli, natazama tu. Aliniangalia kwa wasiwasi akarudi ndani, na wala sikumlaumu. Angejuaje kwamba pale alipopanga matairi ya malori ndipo mama yangu alipokuwa na saluni, na kwamba utoto wangu kati ya mwaka 2009 na 2014 niliumalizia kwenye sakafu ile, nikifagia nywele za bandia? Wewe uliye na nafasi, kaa nikusimulie.

Lilikuwa duka moja pana lenye watu watatu ndani. Kushoto alikuwa mwenye vitambaa, Mhindu kutoka India yenyewe, si hawa Wahindi wa Durban ambao mababu zao waliletwa kukata miwa. Yeye ndiye aliyekuwa na mkataba na mwenye jengo. Wengine tulikuwa wapangaji wake. Kulia alikuwa fundi cherehani, Mpakistani mwenye ndevu za hina, aliyeshona kila kitu kuanzia suruali za shule hadi magauni ya kwaya za Wakongo. Nyuma kabisa alikuwa Mama: sinki ukutani kushoto, kioo na viti vitatu kulia. Hakukuwa na kizuizi chochote katikati. Mteja alinunua kitambaa huku, akapimwa kule, na fundi alipokuwa anakata, Mama alikuwa anamsuka. Mtu aliingia mikono mitupu akatoka tayari kwa harusi.

Saa saba mchana kila mmoja alifungua chombo chake, na hapo ndipo duka liliponukia. Mwenye vitambaa hakula nyama. Fundi hakuweza kula bila nyama. Mama alileta bugali, yaani ugali, na sombe, kisamvu cha kwetu, na kabla ya kutia samaki chunguni alitenga bakuli moja la sombe tupu kwa ajili ya mwenye vitambaa. Halafu fundi alipika chai ya maziwa yenye iliki, ya rangi ya udongo na tamu ya kuumiza meno. Wanaume wale wawili waliongea Kipunjabi kwa kasi ya ajabu huku wakizodoana, nami kwa muda mrefu niliamini ni ndugu wa tumbo moja.

Lazima nikwambie kuhusu Mama na barabara, la sivyo hutaelewa yanayofuata. Tulipofika kutoka Uvira, Kongo, nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama alianzia Isipingo, karibu na stendi ya taxi, ndizo daladala za huku, akisuka watu kandokando ya barabara, mteja amekaa kwenye kreti ya soda. Mvua ikinyesha kazi imekwisha. Askari wa jiji wakija, mteja anakimbia na kichwa nusu. Alivumilia hivyo miaka mingi. Siku alipopata ile kona ya Greyville alinunua kioo kikubwa, akakipakata ndani ya taxi mpaka kwenye duka lake, na jioni kule Albert Park tulikoishi akatutangazia: "Mukiniona nimerudi kusukia barabarani, mujue nimeshindwa." Alisema kuinama kumekwisha, sasa amenyooka, na tangu siku hiyo alitembea amenyooka.

Kila Jumamosi asubuhi dukani alikuja bibi, mama mzazi wa mwenye vitambaa. Sote tulimwita Maaji, yaani mama, kama walivyomwita wenyewe. Alikuwa na nywele nyeupe hadi kiunoni, na Mama alizipaka mafuta ya haradali kisha akazisuka msuko mmoja mnene. Jambo la ajabu ni kwamba hakukaa upande wa mwanawe. Alikaa kwenye benchi la fundi, akisikiliza tu.

Siku moja alituambia sababu. Alisema kwa Kipunjabi, fundi akageuza kwa Kiingereza, nami nikamgeuzia Mama kwa Kiswahili. Maaji alizaliwa Lahore, mji ambao leo uko Pakistan, enzi nchi hizo mbili zilipokuwa bado moja chini ya Mwingereza. Nchi ilipokatwa alikuwa na miaka tisa. Wahindu wakakimbilia upande mmoja, Waislamu upande mwingine. Kabla ya hapo, kila Jumamosi, jirani yao Mwislamu ndiye aliyempaka mafuta kichwani, yeye pamoja na mabinti zake mwenyewe. Siku ya kuondoka hakuna aliyekuwa na muda wa kuchana nywele za mtoto. Alipofika India zilikuwa zimesokotana vibaya, ikabidi anyolewe zote. Hakuwahi kurudi Lahore hata kutembea. Kila alipojaza fomu ya viza, pasi yake ya India na mahali alipozaliwa havikupatana. Sasa fundi wetu alikuwa mtu wa Lahore, na kila alipoitukana cherehani yake, Maaji alisikia mtaa wao. Fundi alipofika kwenye sehemu hiyo ya tafsiri aliona haya, akainamia kazi.

Mwaka 2011 mambo yakaharibika. Nchi zao zilikuwa zimenuniana tangu mashambulizi ya kigaidi ya Bombay ya 2008, lakini dukani hayo yalipita juu kwa juu. Kilichotuponza ni kriketi. Timu zao zilikutana katika mechi kubwa, tukaitazama kwenye televisheni ndogo juu ya majora ya vitambaa, na India ikashinda. Mwenye vitambaa akafanya wanachofanya kwao mtu akipata heri: akagawa ladu, yale matonge ya njano ya unga na samli. Aliwapa wateja, akampa Mama, akanipa mimi mara mbili, kisha akaweka sahani nzima juu ya cherehani ya fundi. Kwake ulikuwa ukarimu. Kwa fundi ilikuwa kusimangwa. Akaisukuma sahani, na ladu zikaangukia gauni jeupe la bi harusi wa Kirundi lililokuwa limebakiza vifungo tu.

Walianza kwa Kipunjabi wakamalizia kwa Kiingereza, ili sote tusikie, na hapo nilijua hapana mchezo. Fundi alisema nyumba ya baba yake iko Amritsar, upande wa India, na watu wengine wanalala ndani yake. Mwenye vitambaa akajibu kwamba ya mama yake iko Lahore, basi aende akaulize ni nani analala humo. Mama alilichukua gauni akaenda kulifua. Alilifua mara tatu.

Jumatatu mwenye vitambaa alikuja na utepe na chaki. Akachora mstari sakafuni kuanzia katikati ya mlango mpana wa mbele hadi ukuta wa nyuma, umenyooka kabisa. Ulipofika kwa Mama ulipita katikati ya sinki na viti. Sidhani kama alimkusudia Mama. Alitaka tu mstari unyooke. Akaja kumweleza kwa adabu kwamba atajenga ukuta wa plaiwudi, na kwamba yeye achague mwenyewe: akae kushoto kwenye maji au kulia kwenye kioo.

Mama alikausha mikono yake, kidole kimoja kimoja. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, hivyo akanigeukia mimi. "Umwambie mi sichague upande. Kule Uvira watu walituambia tuchague, ndio maana tuko hapa. Umwambie vile nimesema, usipunguze."

Sikupunguza. Mwenye vitambaa aliitazama chaki mkononi mwake, akasema atafikiria. Kesho yake mbao zikaletwa hata hivyo.

Nakwambia, saluni iliyokatwa vipande viwili ni kichekesho ikiwa si yako. Mama alibaki na viti kulia, maji yakabaki kushoto. Mteja alipotaka kuoshwa alishikwa mkono, kichwa kimejaa povu, akapitishwa nje mbele za watu, akaingizwa nusu ya pili ya mlango, akasuuzwa, akarudishwa njia ileile akidondosha maji. Wengine walicheka mara ya kwanza, mara ya pili wakaenda saluni nyingine. Mama alianza kuhesabu viti vilivyo wazi kwa macho, nami niliona anaogopa. Kona ile ilikuwa kila kitu alichojenga.

Na Maaji? Mwanawe alimnunulia kiti kipya chenye mto, akakiweka upande wake. Maaji alikaa juu yake Jumamosi mbili, mtandio kichwani, akiutazama ukuta. Kutoka kule cherehani ilisikika kwa mbali, sauti ya fundi haikusikika kabisa. Mama alipomfuata na mafuta, Maaji alitikisa kichwa. Alirudi nyumbani na nywele kavu Jumamosi zote mbili.

Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi, Mama alibeba kiti kimoja mpaka nje. Alikiweka pale ukuta wa plaiwudi ulipoishia barabarani, miguu miwili ya kiti upande huu na miwili upande ule. Akaingia kwa mwenye vitambaa, akamshika Maaji mkono, akamtoa nje na kumkalisha. Kutoka pale fundi alisikika vizuri. Mama akaufungua mtandio, akaziachia nywele zote, akaanza kupaka mafuta. Alikuwa amerudi kusukia barabarani.

Sasa nifike mahali ninapoona vigumu kusimulia. Mimi nilikuwa natoka mazoezi ya kwaya na wasichana wawili wa darasa letu. Tulikuwa tumesimama kwenye taa za barabarani, robot kama tunavyoziita huku, tukisubiri kuvuka, mmoja wao akanyoosha kidole. "Si mamako yule kule ng'ambo ya robot?" Nilimwona Mama ameinama, mikono inang'aa mafuta, watu wanapita na kutazama. Nikasema hapana. Nikasema nimesahau kitu, nikazunguka peke yangu na kujificha nyuma ya taxi iliyoegeshwa.

Kutoka nyuma ya ile taxi niliona kila kitu. Makondakta walikuwa wamesimama wakikodoa macho. Kwao Maaji, mwanamke wa umri ule hafunuliwi nywele mbele ya wapita njia, na fundi alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale, kwani kwao ni vivyo hivyo. Alitoka na kitambaa cha mteja, mita tano za kijani, akageuza uso pembeni na kukinyanyua juu ili kumkinga. Lakini mikono miwili haitoshi mita tano. Upande mmoja ulikuwa unaburuta chini na kupeperuka. Maaji, ndani ya pazia lile bovu, alimwambia kitu kwa Kipunjabi, fundi akajibu, na Maaji akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya ladu.

Mwenye vitambaa akatoka amefura, mdomo umeshafunguka. Akamwona mama yake bado anacheka. Kisha akainama, akaokota pembe ya kitambaa iliyokuwa chini, akainyanyua. Wakasimama hivyo, huyu mwisho huu na huyu mwisho ule, migongo kwa Maaji, mikono juu, hawatazamani.

"Mushike sawa," Mama akawaambia. "Upepo iko mingi."

Nywele zile zilihitaji dakika ishirini. Siku ile Mama alitumia karibu saa nzima, na hutanishawishi kwamba hakufanya makusudi. Nilitoka nyuma ya taxi nikapita chini ya kitambaa. Mama alinipa chanuo bila kuniuliza nilikuwa wapi, nami nikachana ncha.

Wanaume wale hawakuombana radhi, angalau si mbele yetu. Jumatatu mwenye vitambaa alifungua skrubu za mbao zote za nyuma, kuanzia sinki hadi meza ya fundi, na Mama akarudisha viti vyake. Kipande cha mbele alikiacha. Baada ya muda fundi alitundika mikasi yake upande mmoja, na upande wa pili zikatundikwa kanga za kuuza. Chai ya iliki ilirudi kwanza, maongezi yakafuata polepole, na mechi hazikuwekwa tena dukani.

Maaji alifariki mwaka 2014. Fundi alifunga kazi siku hiyo akaenda kwenye uchomaji wa maiti pamoja na wanaume wa familia, ingawa hakujua pa kusimama, na mwenye vitambaa alimvuta mkono akamweka kando yake. Mwaka uliofuata jengo liliuzwa. Mwenye vitambaa akahamia Johannesburg, fundi akarudi Lahore, kioo cha Mama kikavunjika wakati wa kuhama. Nchi zao bado zinanuniana. Naisikia habari hiyo kila mara redioni, na kila mara nawakumbuka wale wawili wenye mikono juu, na ninajisikia fahari kana kwamba ni ndugu zangu.

Mama yupo, Albert Park ileile. Vidole vinamuuma, hasuki tena. Mwaka jana tukiwa tunachambua majani ya sombe nilijikaza nikamwambia habari ya ile taxi, na kwamba nilimkana mbele ya wenzangu. Aliendelea kuchambua.

"Nilikuona," akasema. "Nikasema, wacha apite, iko mtoto. Hata mimi nilisikia haya siku ile, mwanangu. Lakini kichwa ya Maaji ilikuwa inangoja."

Siku hizi watu wakiniuliza mama yangu alifanya kazi gani, sisemi alikuwa na saluni. Nasema alisuka barabarani, Greyville, na ninasema kwa sauti.