Sifuri ya Mama Thobias

Ile chupa ya chai bado iko mezani kwa Davis, na kila nikiingia ofisi ya walimu nageuza uso. Ni chupa ya kawaida tu, nyekundu, ina ua jeupe ubavuni, utaipata duka lolote hapa mtaani Nyasubi. Mimi ndiye niliyeichagua, na mimi ndiye niliyebandika tangazo kwamba atakayebashiri vizuri kuliko wote ataondoka nayo. Kwa hiyo kinyaa ninachokisikia nina fungu langu ndani yake, na fungu lenyewe si dogo.

Naitwa Eustace, karani wa chuo. Kazi yangu ni mafaili, mihuri na matangazo. Kila mwaka vyuo vya kanda hukutana kwa michezo, na sisi ambao magoti yameshagoma hubaki tukipiga soga. Ndipo nikaleta mchezo wa ubashiri. Tulichukua mpira wa kikapu wa wasichana, kanda tatu, kila kanda mechi nne za siku ya ufunguzi, jumla mechi kumi na mbili. Unaandika jina lako, unatia alama ya vema kwenye chuo unachodhani kitashinda, unanikabidhi karatasi kabla ya Ijumaa. Hapakuwa na kiingilio wala fedha, ulikuwa utani wa watu wanaokunywa chai pamoja.

Mwaka wa kwanza tulijaza watu ishirini na mmoja. Davis, mwalimu wa jiografia ambaye pia ndiye kocha wa wasichana wetu, alipata saba. Davis ni kocha wa kukaa kwenye kiti na kupuliza filimbi, akichoka kupuliza anampa mtu mwingine filimbi na anabaki na kiti. Kwa zile saba zake alitembea kifua mbele tangu asubuhi, mpaka nilipofika karatasi ya mwisho. Ilikuwa ya Mama Thobias wa stoo, na alikuwa amepata kumi.

Mama Thobias, jina lake Theopista, ni Msumbwa wa Ushirombo, mjane wa miaka hamsini na minane. Yeye ndiye anayetunza chaki, mafagio, magodoro na mipira ya chuo, na wengi walimjua kwa ukali wake tu, kwamba hakupi ufagio mpya mpaka umwonyeshe kipini cha ule wa zamani. Wasichokijua, au walichokataa kukijua, ni kwamba msichana huyu wa zamani alicheza kikapu miaka minne katika shule ya masista, na miwili kati ya hiyo alikuwa nahodha. Sista aliyewafundisha aliwakataza kutazama mikono ya adui. Aliwaambia watazame kiuno, kwa sababu mikono inaweza kukuongopea lakini mtu hawezi kwenda bila kiuno chake. Mama Thobias alinieleza hayo siku moja huku akinionyesha, amekamata godoro kama adui, na godoro lile alilizuia kweli kweli.

Wasichana waliowahi kusoma kwetu na kuhamia vyuo vingine hawakuacha kumpigia simu. Walimwambia nani kaumia, nani kaja mpya na mrefu, kocha gani hasemeshani na timu yake. Walimtumia video fupi za mazoezi, naye alizitazama akiwa amekaa juu ya gunia la maharage, miwani imeshuka puani, video moja mara kumi. Ujuzi wake ulikuwa huo, haukuwa na siri yoyote. Mtu yeyote angeingia stoo angeuona.

Mara mbili alimwendea mkuu wa chuo akaomba awafundishe wasichana jioni, bila malipo. Mara ya kwanza aliambiwa suala lake litafanyiwa kazi. Mara ya pili mkuu alicheka akamwambia, "Mama, wewe tutunzie mipira." Alinisimulia mwenyewe, na alipofika kwenye neno "tutunzie" alikunja mdomo kama aliyetafuna shubiri. Alichokitaka kabla ya kustaafu kilikuwa hicho tu, uwanja, wasichana kumi na jioni mbili kwa wiki.

Sasa, mtu mwenye akili angemwuliza Mama Thobias amejuaje mechi kumi. Mimi nilifanya nini? Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: "Hongera Mama Thobias. Mwakani tupitie wote kwa mtaalamu wake Kharumwa." Mtaalamu hapo maana yake mganga; nikaweka na vikatuni vya kucheka. Watu wakacheka mchana kutwa, nami nikajiona mchekeshaji.

Mwaka wa pili alipata kumi na moja. Safari hii hakuna aliyemsifu kwa ujuzi hata kwa bahati mbaya. Utani wangu ulikuwa umekaa mwaka mzima ukivimba kama hamira, na watu wazima wenye vyeti ukutani wakawa wanamwuliza, nusu wanacheka nusu hawacheki, kama mtaalamu wake anachukua mbuzi au kuku.

Lililoharibu kabisa ni goti la Asteria. Huyu alikuwa mchezaji wetu bora, na wiki moja kabla ya mashindano Mama Thobias alimwona anavyoshuka ngazi za bwalo. Alikwenda kwa Davis mbele ya walimu wote, nami nilikuwepo nikigawa barua.

"Mwalimu, usimchezeshe Asteria," alisema. "Goti lake la kulia halijapona. Ukimwingiza ataanguka kabla ya mapumziko, na bila yeye mtafungwa."

"Wewe umeonaje goti ukiwa stoo?" Davis aliuliza.

"Nimemwona anavyotembea."

Davis alimchezesha. Asteria akaanguka robo ya pili, akatolewa amebebwa, na timu yetu ikafungwa. Kwenye karatasi yake Mama Thobias alikuwa ameandika kwamba tutafungwa. Yule kocha, ambaye mbele ya watu wote alikuwa ameonywa, alirudi ofisini akasema, "Alisema ataanguka, akaanguka. Mnataka ushahidi gani?" Na walimu wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Sijawahi kuona mtu akijivua kosa kwa urahisi namna ile. Alilivua kama koti akamvika mwanamke aliyejaribu kumsaidia, na sisi tukamsaidia kufunga vifungo.

Hapa kwetu, mwanamke wa umri ule, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, neno uchawi likishamgusa, utani umekwisha. Kila mtu wa Shinyanga na Geita anajua mapanga yaliyowapata akina mama wa namna hiyo, sina haja ya kuyarudia. Maneno yalitoka chuoni yakafika mtaani kwake. Wanawake bombani walivuta ndoo zao kando alipofika. Muuza dagaa aliyemwita "mayu" miaka yote, kwa heshima ya Kisukuma ya mtu kumwita mama yake, sasa aliweka fungu chini alichukue mwenyewe, asije akagusana naye mkono. Jumatatu moja asubuhi Mama Thobias alikuta kichwa cha kuku mlangoni pake.

Mwanawe Thobias, fundi wa mashine za kusagia mawe ya dhahabu huko Segese, alikuja na pikipiki siku hiyo hiyo. Alinikuta kwa mama yake, maana nilikuwa nimekwenda kuomba radhi. Hakunisalimu. Alimwambia mama yake afungashe waende Segese.

"Nikienda watasema nimekimbia," Mama Thobias alijibu. "Na Segese nako kuna simu. Neno litafika kabla ya mizigo yangu."

Kisha akanigeukia mimi. "Eustace, shikamoo yako nimeipokea. Radhi yako siijui niiweke wapi."

"Mama, ulikuwa utani," nilisema.

"Najua ulikuwa utani, baba. Ungekuwa uongo ningeujibu. Utani nitaujibu nini? Nikikasirika, wanasema kumbe kweli. Nikicheka, wanasema amekubali."

Thobias alinitazama kwa namna ambayo nilistahili. Nikaondoka.

Mwaka wa tatu ulipofika nilitaka kuufuta mchezo. Nilimwendea stoo kumwambia hivyo, nikidhani atafurahi. Hakufurahi.

"Ukifuta watasema nimeufunga mimi," alisema. "Nipe karatasi."

"Mama, ukishinda tena sijui itakuwaje."

"Nimesema nipe karatasi."

Nikampa. Kwa kawaida alijaza kwa dakika kumi. Siku ile alikaa juu ya gunia lake saa nzima na zaidi, simu sikioni, akiuliza habari za magoti na vifundo vya miguu vya wasichana wa kanda tatu. Alifuta, akaandika upya, akafuta tena. Nilipita mara mbili nikamkuta ameinama vilevile. Nikasema moyoni, huyu mama kiburi kitamuua. Nalitaja wazo hilo ili mjue jinsi akili yangu ilivyokuwa fupi.

Ijumaa matokeo yalianza kuingia kwa simu, na Davis alijipa kazi ya kuyasoma kwa sauti na kulinganisha. Mechi ya kwanza, Mama Thobias amekosa. Ya pili, amekosa. Kufika ya tano watu walikuwa wamesogeza viti. Ya nane, mtu aligonga meza. Zilipokwisha zote, Davis alishika karatasi ile juu kama refa anayeonyesha kadi na kutangaza, "Sifuri kwa kumi na mbili." Ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alikuwa na saba zake zilezile, na safari hii zilitosha kumpa chupa.

"Uganga umekwisha nguvu," alisema mmoja.

"Haukuwepo," alisema mwingine, mwanamke ambaye miezi mingi alikuwa hanywi chai kama Mama Thobias ndiye aliyeimimina. "Mwenye dawa hawezi kukosa zote. Ilikuwa bahati tu miaka ile, maskini."

Wakamwita kutoka stoo. Alikuja akiwa na vumbi la chaki mikononi, wakampigia makofi ya kumcheka, naye akacheka pamoja nao, akamshika Davis mkono na kumpa hongera. Yule mwanamke alimkumbatia. Alimkumbatia kabisa, kifua kwa kifua, kama vile hakuna kilichowahi kutokea. Sijui kama nimewahi kuchukizwa na kumbatio kiasi kile.

Karatasi nilibaki nazo mimi, maana mafaili ni kazi yangu. Jioni nilikaa nazo nyumbani. Mtu anayebahatisha mechi kumi na mbili hupata tano, sita, au saba kama Davis. Kukosa zote kumi na mbili hakutokei kwa kutojua. Nikaiangalia karatasi ya Mama Thobias mstari kwa mstari. Katika mechi kumi na moja sisi wengine tulikuwa tumegawanyika, na kila mara yeye alikuwa amewapa ushindi wale waliokuja kufungwa. Katika mechi moja tu alikwenda pamoja na sisi sote, akawatia vema mabingwa wa mwaka uliopita dhidi ya chuo kidogo cha uuguzi ambacho hakijawahi kushinda mechi. Mechi hiyo ndiyo pekee ambayo sote ishirini na mmoja tuliikosa. Chuo cha uuguzi kilishinda.

Alikuwa anajua. Alizijua zote kumi na mbili, pamoja na ile ambayo hakuna mtu angeiota, na akakaa saa nzima akihakikisha kwamba hatapata hata moja. Ile ndiyo ilikuwa kazi bora ya maisha yake katika mpira wa kikapu, na aliifanya ili watu wamwone hajui kitu.

Jumatatu nilikwenda stoo mapema. Alikuwa anapanga mipira kwenye wavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimeisoma karatasi yako."

Mikono yake ilisimama. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akanitazama kiunoni, nadhani kuona kama nitakwenda kushoto au kulia.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi kaa hivyo hivyo. Jana mwenye dagaa alinipa fungu mkononi." Akaendelea kupanga mipira. "Na wakinicheka mbele yako, Eustace, ucheke. Usije ukanyamaza ukawafanya waanze kufikiri. Wewe ndiye mwenye utani hapa."

Saa nne ya chai nikaingia ofisi ya walimu. Davis alikuwa anamimina kutoka kwenye ile chupa, akawa anawaeleza walimu wawili wapya kisa cha mwanamke wa stoo aliyekosa mechi kumi na mbili kwa kumi na mbili. "Mama wa watu hajui hata mpira unaingilia wapi," alisema, "na alitaka kuwa kocha." Wale wapya wakacheka. Kisha wote wakanigeukia, wakingoja niongeze langu, kama kawaida yangu.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mpaka Davis akanimiminia kikombe, nikakipokea, nikakinywa chote.