Sina Madai

Wanakiita kiinua mgongo. Siku binti yangu aliponiambia kwamba baba yake amestaafu udereva kule Mikumi na amelipwa kiinua mgongo, nilicheka mpaka nikakaa chini katikati ya shamba. Mgongo upi, jamani? Wake ulikaa kwenye kiti cha gari la serikali miaka yote ile. Ulioinama ni huu wangu, kwenye mahindi ya Masanze, na hajatokea wa kuuinua.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikianza na hasira mtasema nina kijicho. Tulioana tukiwa vijana. Kazi yake ilikuwa Mikumi, mimi nikabaki Masanze na shamba na watoto, naye anakuja mwisho wa mwezi. Kila akija ana karatasi ya mshahara, ananionyesha kwa kidole mahali walipomkata. "Hii isahau," ananiambia. "Hii ni ya uzee wetu." Wetu, alisema. Basi nikajifunga kibwebwe. Tulikula tulichopanda, sabuni na sare za shule nikazitafuta kwa cherehani yangu, wala sikunung'unika, kwa kuwa nilijua uzee wetu uko mahali unatunzwa.

Ni yeye pia aliyenifundisha kuandika. Mimi shule niliiachia darasa la pili. Alikuwa akinishika ngumi, kalamu ikiwa ndani, tunaandika pamoja kwenye daftari la mtoto. Herufi zote nilizipata isipokuwa m. Nikiianza mkono unapitiliza, inatoka na miguu minne. "Mke wangu," ananiambia huku anacheka, "hii si m, hii ni ng'ombe." Nami nacheka. Nilimpenda yule mwanamume, siwezi kudanganya.

Halafu nikasikia ana mke mwingine Mikumi, na mtoto wao ameshaanza kutembea. Kuoa dini yetu inamruhusu. Kunificha ndiko kulikonichoma. Nikadai talaka siku ileile. Akakataa kuniacha. Nikasema sawa, najinunua mwenyewe: nikaibeba cherehani, ambayo ndiyo iliyokuwa mahari yangu, nikaitua mbele ya shehe. Shehe akaniambia niandike kwamba sina madai ya matumizi ya eda, ile miezi mitatu tu ya kusubiri, yaishe. Maneno machache tu. Lakini mimi na hasira zangu! Nikaona hayatoshi, hayatamuuma. Nikaandika: Sina madai yoyote, leo wala kesho. Nikatia saini, nikatoka kifua mbele. Shangazi yangu akanikimbilia njiani. "Hasira hasara, mwanangu." Nikamwambia aniache.

Basi kesho yenyewe ikafika. Magoti yakaanza kugoma, jembe likawa zito, na huko Mikumi uzee wetu umepauliwa bati jipya, anakaa ndani mwanamke mwingine. Nikaenda mahakamani Kilosa na binti yangu, yeye ndiye aliyelipa bodaboda.

Hakimu alikuwa binti mdogo, lakini aliniamkia kwanza. Akanieleza taratibu kwamba kazi ya mke, hata ya jembe na jiko, sheria inaitambua, ila nilipaswa kuyasema hayo wakati tunaachana. "Na pensheni, mama, inakwenda kwa jina lake. Hata angefariki, anayeulizwa ni mjane." Mjane! Mimi si mjane, si mke. Nilimlilia mwanamume aliye hai, na kwa kilio cha namna hiyo hakuna dirisha la kupanga foleni.

"Mlipoachana mlikubaliana nini?" akauliza.

Mume wangu wa zamani alisimama upande wa pili. Amezeeka, naye. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni, ile ile, mikunjo imeanza kuchanika. Hakimu akaisoma, akanionyesha.

"Mama, mwandiko huu ni wako?"

Shehe alishafariki, shangazi yangu pia. Lilikuwa limebaki neno langu na lake. Binti yangu akaninong'oneza nyuma ya shingo, "Mama, sema huujui." Nilimwangalia baba yake. Hakuniangalia. Macho yalikuwa kwenye karatasi, na nilijua anaangalia wapi: ile m ya madai, imesimama na miguu yake minne.

"Ni wangu," nikasema.

Shauri likaishia hapo. Njia nzima ya kurudi Masanze binti yangu alinuna, na tuliposhuka akashindwa kujizuia, akaanza kulia. "Mama, sasa utazeeka na nini? Neno moja tu, kwa nini hukukana?"

"Cherehani nilimrudishia," nikamjibu. "Mwandiko ndio kitu pekee cha kwake nilichoondoka nacho."