Mashariki kwa Herufi Ndogo

Baba alipofariki, watu wa Ngoingwa walinikumbuka ghafla. Ngoingwa ndiko kulikokuwa na nyumba yake ya kwanza, ya mke mkubwa. Nyumba ya pili ilikuwa mama yangu na mimi, shambani, mashariki ya Thika. Hawakunitafuta ili tulie pamoja. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Gitothua, na yulojia, wasifu wa marehemu unaochapishwa kuwa kijitabu cha mazishi, huandikwa kwa Kiingereza, hata kama yeye mwenyewe maisha yake yote aligombana na mbuzi wake kwa Kikuyu.

Ndugu yangu mkubwa, wa nyumba ya kwanza, alinitumia ile yulojia kwenye simu, kisha akapiga.

"Mwalimu, wewe check tu hizo capital letters," akasema. "Hiyo ingine committee ishapitisha."

Nikasoma. Mke mmoja. Watoto wanne, wa Ngoingwa wote. Kutuhusu sisi palikuwa na mstari mmoja tu, kwamba uzeeni alilima "East of Thika". Kwetu, MC huita watu kutia udongo kaburini kwa kufuata kijitabu hicho. Asiyeandikwa haitwi, na asiyeitwa siku hiyo hana pa kusimama shamba likija kugawanywa. Mama hakuwa na pengine pa kuishi.

Nikaandika jina lake chini ya jina la mke mkubwa. Halafu, kwa kuwa mkono wa mwalimu hauwezi kutulia, nikasahihisha mengine. "East Africa" ni jina la mahali, ikabaki na herufi kubwa. Lakini upande tu, kama unapomwelekeza mtu njia, huandikwa kwa herufi ndogo. Nikaandika "east of Thika".

Kijitabu kilipochapishwa, masahihisho yangu yote yalikuwemo. Jina la mama walikuwa wamelitoa. Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walifanya nusu ya kwanza tu. Nilikasirika.

Siku ya mazishi tuliketi kwenye hema la mwisho, na majirani. Mama hajui Kiingereza. Alifungua kijitabu mapajani, akaninong'oneza. Huniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Maitu, sisi tumeandikwa wapi?"

Nikautafuta ule mstari, nikaweka kidole kwenye "east".

"Hapa."

Akalipapasa neno hilo kwa kidole gumba.

"Basi wataniita," akasema, akajifunga kitambaa chake cha kichwa upya.

MC akaita mjane. Akaita watoto, wajukuu, halafu marafiki wa marehemu. Kila kundi likiitwa, mama aliinuka kidogo kwenye kiti, kisha akaketi. Mwishowe vijana wakashika majembe, wakaanza kufukia. Mama alikuwa bado anangoja.