Mkono wa Kinyozi

Kinyozi alizimia kwa mara ya kwanza wembe ukiwa mkononi na mteja akiwa na povu mpaka masikioni. Hakuna aliyekatwa. Lakini habari mbaya haingoji usafiri. Tangu hapo watu walipita mlangoni wakimsalimia kwa heshima zote, kisha wakaenda kunyolewa mtaa wa pili.

Hospitalini, ili waone kama kusimama ndiko kunakomwangusha, walimfunga mikanda kitandani, wakakiinua kitanda polepole mpaka akawa wima kama mlango. Akazimia. Daktari akafurahi, maana sasa alikuwa ameona kwa macho yake. Miaka hiyo dawa za kuchangamsha mwili ndiyo kwanza zilikuwa zikijaribiwa kwa watu wa kuanguka-anguka. Kinyozi akakubali kujaribiwa. Kazi aliyoijua duniani ilikuwa moja tu, nayo hufanywa kwa kusimama.

Dawa ikamkubali. Alisimama kutwa, moyo ukigonga kifuani kama mgeni mwenye haraka. Kitanda kilipoinuliwa tena, hakuzimia.

Siku moja akaja Mwalimu, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye peke yake hakuwahi kumkimbia. Akaketi, akafumba macho, akainua kidevu. Wembe ulipokaribia, akafumbua jicho moja.

"Ndugu yangu, huo mkono unacheza ngoma gani?"

"Ni dawa tu. Utatulia."

Wakasubiri. Povu likakauka. Mkono haukutulia.

"Leo nipunguzie nywele tu," Mwalimu akasema taratibu. "Ndevu ziache. Shemeji yako siku hizi anazipenda."

Shemeji huyo ndiye aliyekuwa akimfukuza Mwalimu nyumbani aje kunyolewa kila zinapochomoza. Kinyozi alichukua mkasi.

Kesho yake alirudisha dawa.

"Lakini huanguki tena!" daktari akashangaa.

"Sianguki, daktari. Nimesimama imara, na sina wa kumnyoa."

Sasa mke wa Kinyozi hushinda dukani, kwenye kigoda. Hatazami kioo wala barabara. Humtazama mumewe usoni. Midomo yake ikianza kupauka, huinuka, akamtoa wembe mkononi kwanza, ndipo amshike kiuno na kumlaza sakafuni. Wateja hawajarudi, isipokuwa yule mmoja.

"Shemeji," Mwalimu huuliza, macho kayafumba, wembe uko kooni, "bado yupo?"

"Bado yupo. Nyamaza, usitikise kidevu."